Corolla Kuukuu, Injini ya Nguvu: Pesa Ziende Wapi?

Nyuma ya gereji nyingi za Nairobi kuna magari yaliyolala. Boneti iko wazi, injini imetolewa ikawekwa juu ya tairi kuukuu, na turubai iliyoifunika imepauka kwa jua. Wenye magari hayo si watu waliofilisika. Wengi ni vijana waliokuwa na pesa za kutosha kujenga injini ya nguvu, ila ziliwaishia kabla injini haijafungwa. Mmoja alianza na eksozi kubwa, mwingine na turbo iliyotumika aliyoipata kwa bei nzuri, mwingine na rimu. Kila kifaa kilikuwa kizuri peke yake. Vilipokutana kwenye gari moja, havikuoana.

Inauma kuyaona, kwa sababu karibu yote yangeweza kuwa barabarani leo. Kilichokosekana ni karatasi moja na jioni moja ya kukaa chini na kuandika, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni: gari hili litafanya kazi gani?

Swali hilo ndilo linalochagua vifaa. Gari la kwenda kazini kila siku na kukaa kwenye msongamano wa Mombasa Road halifai kuwa na kamshafti kali ambayo nguvu zake zinaamka mizunguko 5,000 kwa dakika. Gari la autocross linahitaji kuitika haraka likitoka kwenye kona, breki zisizochoka, na injini isiyokosa oili gari linapolala upande mmoja. Gari la kushuka nalo Mombasa mwisho wa mwezi linahitaji rejeta kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anayetaka yote matatu kwa gari moja na kwa bajeti ndogo atapata nusu ya kila moja.

Nichukue mfano ninaouona kila wiki: Toyota Corolla 110 ya mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,500. Ni gari jepesi, spea zake zimejaa mjini, na hakuna fundi asiyelijua. Likiwa jipya, injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 100 hivi. Mwenyewe anataka zifike 160. Njia ya kwanza inayomjia ni kuijenga hiyohiyo aliyonayo: pistoni mpya, kamshafti kali, hedi ichongwe njia za hewa, kontroli boksi ibadilishwe. Njia hiyo itammalizia pesa, kwa kuwa hedi ya 5A-FE ilichorwa kwa ajili ya kubana mafuta. Utaichonga na kuichonga, na bado itabaki na umbo lake.

Nguvu ya bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo kiwanda kilishaijenga na kuijaribu. Katika ukoo huohuo wa injini za A kuna 4A-GE, ambayo hedi yake Toyota ilishirikiana na Yamaha kuitengeneza. Ilianza mwaka 1983 katika Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86. Ina silinda nne, cc 1,587, kipenyo cha silinda milimita 81 na mwendo wa pistoni milimita 77. Mwaka 1991 ikaja na valvu tano kwa kila silinda, jumla 20, na nguvu za farasi 160. Mwaka 1995 ikatoka ile yenye kifuniko cheusi, ambayo vijana huiita black top: farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, mgandamizo wa 11 kwa 1, na kila silinda na koo lake la hewa. Kwa kuwa ni ndugu wa 5A-FE, kuiweka ndani ya 110 si kazi ya kukata na kuchomelea mwili mzima wa gari. Mtu angetumia pesa nyingi kuliko bei ya injini hiyo nzima kujaribu kuifanya 5A-FE iikaribie, na asingeifikia.

Hizo farasi 165, hata hivyo, zilipimwa usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na hewa ya hapa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, kwa hiyo farasi 165 za Yokohama ni 137 hivi kwa mwenye gari wa Lang'ata. Eldoret ni chache zaidi. Ajenge injini yoyote isiyo na turbo, hasara hiyo itakuwepo, na ni vyema aijue mapema ili asije akamlaumu fundi kwa jambo lililofanywa na mlima.

Hapo ndipo turbo inapoanza kuvutia, na hoja yake ni ya kweli. Turbo inasukuma hewa ndani, kwa hiyo inarudisha kile ambacho mwinuko umechukua. Lakini anayeifunga kwenye injini isiyozaliwa nayo anajifungulia orodha ndefu: manifoldi ya eksozi, pistoni za mgandamizo wa chini, nozeli kubwa zaidi, kipoza hewa, mabomba ya oili ya kwenda na kurudi, klachi, na kontroli boksi inayoweza kusetiwa. Akikosa kimoja tu, vingine vyote vitaharibikia hapo. Mtu hujikuna ajipatapo. Anayeitaka turbo kwa bajeti ndogo na anunue gari lililoletwa nayo, kama Starlet Glanza yenye 4E-FTE, ambayo kwa cc 1,331 tu ilitoka kiwandani na farasi 135, au Subaru yenye EJ20 ya turbo ambayo mtu ameitunza. Kwa ujenzi wa kwanza, mimi ningeshikilia injini isiyo na turbo bila kusita.

Wazo la kuchukua kitu kilichotumika na kukirudishia uhai kwa uangalifu si geni kwetu. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari hilo lilikuwa limeshakimbia kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya Volvo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi. Kabla hajawa jina kubwa, alikuwa mtu wa spana, aliyefanya kazi ya kuokoa magari yaliyoharibika barabarani kwa chama cha wenye magari wa Afrika Mashariki. Naamini ujuzi huo wa kujua kitu gani kitavunjika kwanza ndio uliomfikisha mwisho wa mashindano ambayo magari mengi hayakuyamaliza.

Basi twende Kirinyaga Road, ambako injini za Japani zimepangwa foleni mbele ya maduka, zimeoshwa kwa mashine ya maji mpaka zinang'aa. Mng'ao huo haukuambii chochote. Black top ya mwisho ilitoka kiwandani zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwa hiyo raba zote zimekauka na hakuna anayejua ilikimbia kilomita ngapi. Omba ipimwe mgandamizo hapohapo, plagi zote zikiwa zimetolewa na koo la hewa likiwa wazi. Usomapo geji, usilinganishe na kitabu cha Toyota: hewa nyepesi ya Nairobi inashusha usomaji kama inavyoshusha nguvu, na injini nzima inaweza kuonekana mgonjwa. Linganisha silinda na silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, muulize muuzaji, kisha tia vijiko viwili vya oili ndani ya silinda dhaifu na upime tena. Usomaji ukipanda, ringi zimekwisha. Usipopanda, shida iko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Bei unayokubali itegemee jibu hilo.

Dai pia kontroli boksi ya injini hiyohiyo, wayaringi yake isiyokatwa, na sensa zake zote. Wayaringi iliyokatwa kwa kisu ili injini itoke haraka itakula siku nyingi za fundi wa umeme kuliko unavyodhani. Na uchukue risiti yenye namba ya injini. Bila hiyo, kubadilisha maelezo ya injini kwenye rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, kutakusumbua, na siku utakaposimamishwa, au bima itakapokagua gari baada ya ajali, utakuwa na injini isiyo na mwenyewe.

Hesabu yangu ni hii. Katika kila shilingi 100, zisizidi 30 kununua injini na vyote vinavyokwenda nayo. Zinazofuata 25 ziende kuifungua, kuipima na kuifunga upya. Breki na matairi vichukue 15, mfumo wa kupoza 10, na 5 zilipe kupima mchanganyiko wa hewa na petroli injini ikishawaka. Zinabaki 15, na hizo hazina kazi mpaka kitu kivunjike, nacho kitavunjika. Eksozi haimo. Ya kiwandani isiyoziba itatosha kwa mwaka wa kwanza.

Zile 25 za kufungua na kupima ndizo watu huzikata kwanza, na ndizo ningezilinda kwa nguvu zangu zote. Katika gereji moja ya Eneo la Viwanda nilimtazama mzee mmoja akikagua krenki ya 4A-GE iliyonunuliwa kama "haina shida". Alikata kipande cha uzi mwembamba wa plastiki, akakilaza juu ya shingo ya krenki inayobeba konrodi ya kwanza, akafunga kofia yake kwa torki renchi mpaka ikalia, akafungua tena. Uzi ulikuwa umebanwa ukawa utepe. Akaulinganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye bahasha yake: milimita 0.04. Ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Ya nne utepe haukutanuka hata nusu ya ile ya kwanza.

"Mzee, si tungebadilisha ringi tu tuifunge?" kijana mwenye gari akamuuliza. Alikuwa ameshalipia ringi.

"Kijana wangu, ringi ni za juu. Shida iko huku chini," akajibu bila kuinua kichwa. "Hizi tatu ziko sawa. Hii ya nne imelika. Nikiifunga hivi, oili itatorokea hapa, na mwezi hautaisha kabla haijanoki."

Krenki ikapelekwa kusagwa, beringi za saizi iliyofuata zikanunuliwa. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya injini nyingine. Hicho ndicho kipimo kinachookoa ujenzi mzima, na kinafanywa kwa uzi wa plastiki na subira.

Vipimo vingine viko vya namna hiyo. Ringi huwekwa ndani ya silinda bila pistoni, na mwanya wa ncha zake ukapimwa kwa fila geji: kwa silinda ya milimita 81 isiyo na turbo, milimita 0.3 hivi inafaa. Mwanya ukiwa mdogo mno, joto litazikutanisha ncha hizo, na ringi itachana ukuta wa silinda. Ukiwa mkubwa mno, gesi itapenya chini na injini itakula oili. Hedi hulazwa rula ya chuma juu yake, na fila geji ya milimita 0.05 ikipita chini ya rula, inahitaji kuskimiwa. Mkanda wa taimingi, rola yake, pampu ya maji na sili zote zibadilishwe hata zikionekana nzima, kwa sababu kwenye injini hii ya valvu 20 mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi: kuchukua bloku ya 7A-FE ya cc 1,762 na kuivika hedi ya 4A-GE. Ni ujenzi unaopendwa duniani kote na wenye mfuko mdogo, na torki yake ya chini inafaa sana kwa milima yetu. Ila hesabu ifanywe kwanza. Mwendo wa pistoni unakuwa milimita 85.5 badala ya 77. Kwenye mizunguko 7,800, pistoni za 4A-GE zinakwenda kwa wastani wa mita 20 kwa sekunde. Zile za 7A zinafika kasi hiyohiyo kwenye 7,000 tu, zikiwa na konrodi zilizotengenezwa kwa gari la familia. Mgandamizo nao unapanda: ukibakiza juu ya pistoni nafasi ileile iliyotoa 11 kwa 1, cc zilizoongezeka zitaufikisha 12 na kidogo. Mkanda wa taimingi wa kawaida pia hautatosha, kwani bloku ni ndefu zaidi. Haya yote yana suluhisho, na fundi makini atayapanga. Asiyekuwa na fundi wa kupima nafasi hiyo ya juu ya pistoni kwa maji na bomba la sindano auache ujenzi huu.

Mgandamizo mkubwa unatuleta kwenye petroli. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, yanashusha uwezo wake wa kustahimili mgandamizo, na mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Uchakachuaji huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Injini ya mgandamizo wa 9 inaweza kulalamika kidogo ikaendelea. Ya 11 inatoboa pistoni. Chagua kituo kimoja chenye mauzo mengi na ukishikilie. Na ujue kwamba Nairobi inakuficha jambo: hewa nyepesi inapunguza presha ndani ya silinda, kwa hiyo injini iliyosogezewa moto mbele kupita kiasi inaweza kukimbia hapa bila kulalamika. Ishushe Mombasa, hewa nzito na joto vikutane ndani yake, ndipo utakapoanza kusikia mlio kama changarawe ukikanyaga. Anayeseti injini kwa ajili ya barabara hiyo lazima aache nafasi ya usalama.

Kuhusu joto nitasema kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo mazoea ya gereji zetu yanapoua injini nzuri. Gari likichemka, jambo la kwanza analofanya fundi wa mtaani ni kutoa thamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemka kwa muda, kila mtu anafurahi. Lakini injini sasa haifiki joto lake la kazi asubuhi za Limuru. Kontroli boksi inaamini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, na ringi ulizozipima kwa fila geji zinalika kabla ya wakati. Kilichochemsha gari, mara nyingi rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba au feni isiyowaka, bado kipo palepale. Zile shilingi 10 za kupoza zinunue rejeta nzima, thamostati mpya, hozi mpya, na kulanti badala ya maji matupu. Farasi 165 hutoa joto jingi kuliko 100, na rejeta ya 5A-FE iliyochoka haitalimudu kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukiwa unapanda.

Breki nazo zinafuata hesabu isiyobembelezwa. Nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inapanda kwa mraba wa mwendo: kusimamisha gari kutoka kilomita 140 kwa saa kunadai karibu mara mbili ya kutoka 100. Pedi nzuri, diski zisizopinda, oili mpya ya breki na matairi yenye umri mdogo vifungwe kabla injini haijaingia, gari likiwa bado na nguvu zake za zamani. Fundi akikuambia breki zitafuata baadaye, jua kwamba kufikia hapo pesa zitakuwa zimekwisha.

Injini ikiwaka, usiiendeshe bila kupima mchanganyiko. Sensa pana ya oksijeni, hata ya kuazima, ikifungwa kwenye eksozi itakuonyesha kama ukikanyaga hadi mwisho unapata sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya petroli. Ikionyesha 14.7 ukiwa umekanyaga, acha hapo hapo. Pampu ya petroli imechoka au nozeli zimeziba, na pistoni ndizo zitakazolipa. Kwa kilomita 500 za kwanza badilisha mwendo mara kwa mara, panda na kushuka, usikae kwenye mwendo mmoja wa barabara kuu, ili ringi zikae vizuri kwenye silinda.

Kisha mwaga oili, kata kichujio chake kwa kikatio kisichomwaga chembe za chuma, ukunjue karatasi yake juani. Vumbi jepesi la kijivu ni la ringi mpya, halina neno. Vipande vinavyonaswa na sumaku vinatoka kwenye chuma, na utafute vimetoka wapi. Ukiona vimeta vya rangi ya shaba, usiiwashe tena injini, kwa sababu beringi zimeanza kulika, na krenki bado inaweza kuokolewa. Karatasi ikiwa safi, tia oili mpya, funga kichujio kipya, halafu tafuta ratiba ya autocross kwa Kenya Motor Sports Federation. Huko kuna uwanja uliofungwa, kuna gari la wagonjwa, na hakuna matatu linaloingia njiani unapotaka kujua gari lako linaweza nini.